Upepo Uliogoma Kutoka Kwenye Breki

Jumapili mume wangu alisahau jina langu. Jumatatu akafungua breki za gari na kila bolti aliikumbuka.

Situngi, wanangu mnaonisoma. Nawaandikia hapa nimeegemeza mfuko wa maji ya moto kwenye nyonga, hata kupiga chafya naogopa. Nguvu za kutunga uongo nizitoe wapi?

Ilikuwa hivi.

Tulikuwa mezani, mimi na Tauno wangu, tunakula supu ya samaki. Mara akaweka kijiko chini, akaniangalia kwa adabu kubwa, adabu ambayo hajawahi kunionyesha tangu anioe.

"Samahani mama," akasema. "Wewe ni wa nyumba hii?"

Moyo ukafanya pa!

Nikamwambia, "Mimi ndiye niliyepika hiyo supu."

Akaonja tena. "Supu nzuri. Mwenye nyumba ana bahati."

Nikacheka. Ningefanyaje? Nilicheka nikaenda kumalizia kicheko chooni, na kule chooni hakikuwa kicheko tena.

Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemwanza pole pole. Kwanza alipoteza miwani, halafu njia ya dukani, halafu marafiki. Mwezi wa tisa akapotea mwenyewe. Jirani yetu Arvi alimkuta asubuhi amesimama ziwani, maji yamemfika magotini, amevaa soksi na kofia tu, eti anasubiri gari la magogo. Maisha yake yote alikuwa dereva wa magogo.

Wiki iliyofuata akaanguka kwenye sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke. Nikajitia mwanamke wa shoka, nikambeba. Yeye akainuka. Mimi ndio nikabaki chini, nyonga imekwenda na maji.

Hapo binti yetu Outi, mtoto pekee tuliye naye, akasema basi. Akahangaika mpaka akapata chumba kwenye nyumba ya wazee kule mjini. Chumba kimoja tu. Mwisho wa kukichukua Ijumaa saa sita mchana. Tukichelewa anapewa mwingine, na Tauno atapelekwa nyumba nyingine, mbali, upande wa pili wa nchi, ambako mimi na nyonga hii ningekwenda kumwona labda kwenye mazishi.

Jumapili ile ile jioni Outi akapiga simu. Masikio yangu ni ya mapambo, kwa hiyo simu naiweka mezani inaongea kwa sauti, kama redio.

"Mama, Ijumaa saa sita ikipita chumba ni cha mwingine. Baba anaelewa kwamba anahama?"

"Haelewi kitu mwanangu. Afadhali hivyo, haumii."

"Kweli. Afadhali asielewe."

Tauno alikuwa pale pale, anakata mkate. Akanisogezea siagi.

Jumatatu asubuhi nikasikia jeki inalia uani.

Sikushangaa sana. Huku kwetu Lapi, kaskazini kabisa kwenye theluji, Oktoba ikiingia, hata mgonjwa mahututi anaulizwa kama amebadilisha tairi. Za kiangazi zinatoka, za baridi zinaingia, zile zenye misumari ya kushika barafu. Mikono ya Tauno ilikuwa inajua mwezi hata kama kichwa hakijui mwaka.

Ila yeye hakuwahi kuishia kwenye tairi. Kila Oktoba gurudumu likitoka, anatoa na kalipa za mbele, kwa sababu chumvi ya barabarani inazila. Kalipa, kwa msiojua, ni lile koleo la chuma linalobana sahani ya breki ili gurudumu lisimame. Watu wengine wakiitoa wanaiacha ining'inie na mpira wake wa mafuta. Tauno hapana. Anafungua na mpira, anaipeleka mezani, anaisugua kama anamwogesha mtoto mkesha wa Krismasi.

Nikatoka na mkongojo wangu. Nikamwambia kwa sauti ya kubembeleza, ile ya kusemea watoto, "Mzee, Ijumaa tunakwenda mjini, sawa?"

"Kwa gari gani?"

"Hili letu."

Akaitazama kalipa mkononi. "Basi lazima breki ziwe nzuri."

Nikaona mzee wa watu, hajui hata anachokitengenezea.

Sasa sikilizeni. Ukishafungua mpira wa mafuta, upepo unaingia ndani. Upepo ukiwa ndani ya breki, unakanyaga hewa, na gari linakwenda zake kuusalimia msonobari. Lazima utolewe. Na kuutoa ni kazi ya watu wawili.

Mmoja anakaa kiti cha dereva anakanyaga pedali. Mwingine anajilaza gurudumuni na spana, anafungua kijibomba kidogo ambacho mafundi wanakiita chuchu. Msicheke. Mimi nimeshacheka kwa niaba yenu tangu nikiwa msichana. Kwenye chuchu panavikwa kimpira, kimpira kinaingia kwenye kopo la jamu lenye mafuta, na upepo unatoka kwa povu.

Mkanyagaji ni mimi. Wiki ile ile ya harusi, wenzangu wanapelekwa kula bata, mimi nilikalishwa nyuma ya usukani na gauni langu la maua nikafundishwa kukanyaga.

Basi nikaingia garini, nyonga ikinitukana. Nikangoja.

"Hilkka! Kanyaga!"

Mguu ukabaki hewani.

Hilkka ni mimi. Jana nilikuwa mpishi wa watu. Leo, kutoka chini ya gari, nina jina.

"Hilkka, umelala huko?"

"Nimekanyaga! Usinipigie kelele!"

"Shikilia!"

"Nimeshikilia!"

"Usiachie mpaka nikwambie. Unakanyaga kama unaua mende."

"Na wewe unafungua kama unafungua zawadi. Fanya haraka, naganda!"

"Achia!"

Wanangu, sijawahi kutukanwa nikafurahi namna ile. Tulikuwa tumerudi. Alinigombeza mchana kutwa, kwa jina langu kamili, na mimi nikamrudishia. Machozi yalikuwa yananidondokea kwenye usukani, na kwa kuwa yeye yuko chini hakuona.

Ila pedali ilibaki laini. Ukiikanyaga inazama hadi chini, kama umetia kidole kwenye unga wa mkate ulioumuka.

Jumanne hivyo hivyo. Mafuta yanatoka safi, povu hamna, pedali bado laini. Arvi akaja, na Arvi huja akisikia harufu ya mkate wangu wa iliki. Akakanyaga mara moja, akajifanya bingwa.

"Masta silinda imekufa hiyo, ile pampu ya breki. Nunueni nyingine."

Tauno akainua kichwa. "Arvi, baiskeli yako yenyewe inakata kona bila kukuuliza. Kula mkate, nenda nyumbani."

Arvi akanigeukia. "Wee Hilkka, si mlisema hajitambui?"

"Anatambua wajinga tu," nikamwambia. "Hao hawajamtoka."

Jioni ile nikainama kuokota kitambaa karibu na gurudumu. Ndipo nikaona.

Chuchu inaangalia chini.

Nikazunguka taratibu upande wa pili. Nako chini.

Ukishakaa benchi la juu kwenye sauna, huhitaji shule kujua mvuke hukimbilia wapi. Upepo nao ni hivyo hivyo, hukaa juu. Kwa hiyo chuchu lazima iwe juu. Ikiwa chini, mtakanyaga mpaka Pasaka, mafuta yatatoka, upepo utabaki umekaa juu pale kama bosi. Na chuchu zote mbili kuwa chini maana yake ni moja. Kalipa ya kulia iko kushoto, na ya kushoto iko kulia.

Kosa la mwanafunzi wa siku ya kwanza.

Nikamwangalia Tauno anafuta spana zake, anazipanga kwa ukubwa. Mtu huyu amefunga kalipa gizani, kwenye theluji, amelewa, ana homa, hajawahi kukosea. Nikasema moyoni, hata mikono sasa imesahau.

Nikajikausha. Ningemwambia nini? Kwamba hata hiki kimekwenda? Acha abaki fundi kwa siku zilizobaki. Na mimi nibaki na jina.

Jumatano tukakanyaga tena. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote. Theluji ya kwanza ilianguka, nyepesi, haikufika hata chini. Tukala soseji tumekaa kwenye tairi kuukuu. Akanisimulia habari ya lori lililozama kwenye barafu, habari ninayoijua neno kwa neno, nikamuuliza, "Weee! Halafu ikawaje?" kama mgeni.

Halafu akarudi chini.

"Hilkka. Umechoka?"

"Sijachoka."

"Basi kanyaga tena."

Nikakanyaga.

Alhamisi mchana Outi akafika na gari lake. Alikuta baba yake chini, mama yake ndani, na chupa tupu za mafuta ya breki zimejipanga ukutani.

"Mnafanya nini nyie wazee? Mizigo mmefunga?"

"Tunatoa upepo," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

Akashika kiuno. "Mama! Kesho saa sita! Basi, baba atapanda gari langu."

Tauno akatoka chini, akasimama, akaushika mlango wa gari lake. "Naenda kwa gari langu. Au siendi."

Alisema kwa upole. Ila mkono uliokuwa umeshika mlango haukuwa wa upole.

Outi akavua koti. Huyu mtoto amekulia chini ya gari, sasa kazi yake ni ya ofisini lakini damu ni damu. Akapiga magoti, akaangalia gurudumu moja, akaenda la pili. Wala hakushika spana. Akanitazama kwa jicho lile la baba yake.

"Mama. Zimekaa kinyume."

"Aaa?" nikasema, nikajifanya kiziwi zaidi ya nilivyo.

Akazifungua, akazibadilisha, akanambia nikanyage. Povu likatoka kwenye lile kopo la jamu kama bia ya harusi. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu pedali ikasimama chini ya mguu wangu, ngumu kama kizingiti.

"Imeshika," nikasema. Sauti hata haikutoka vizuri.

Outi akajifuta mikono, anavuta kamasi. "Masikini baba. Yeye ndiye aliyenifundisha. Sasa kulia na kushoto hajui tena."

"Ndiyo ugonjwa, mwanangu."

Tauno alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana, mikono mfukoni. Akageuka akaingia ndani ya nyumba. Nilipomfuata nilimkuta mbele ya kioo anajinyoa ndevu, taratibu, kama mtu anayekwenda kanisani.

Ijumaa asubuhi tukaondoka. Mimi nikaendesha, Tauno kando yangu na mkoba mdogo mapajani. Outi nyuma yetu na gari lake na masanduku.

Barabara ilikuwa tupu, misonobari huku na huku, barafu inang'aa kwenye lami. Nusu ya safari, kwenye kona, kulungu. Kundi zima la kulungu wa kufugwa limejimwaga barabarani, na wale wakishasimama ni kama wamelipia kiwanja.

Nikakanyaga kwa nguvu zangu zote.

Gari likasimama. Kati ya pua ya gari na matako ya kulungu wa mwisho hapakuwa na nafasi ya kupitisha mkate. Yule kulungu akageuka, akatuangalia kwa dharau, akaendelea kutafuna.

Tauno hakutikisika.

"Breki nzuri," akasema.

"Outi amezitengeneza."

"Nilimwona. Chuchu juu. Hata mlevi anajua, chuchu zinakaa juu."

Nikageuka taratibu. Alikuwa anawatazama kulungu. Macho yalikuwa makavu, ya kwake kabisa. Ugonjwa huu una madirisha, wanangu. Unapita nje ya nyumba yenye giza, mara taa inawaka, mtu anakuangalia.

"Tauno. Ulijua zimekaa kinyume?"

"Si nilizifunga mwenyewe."

"Kwa nini sasa?"

Akaukumbatia ule mkoba. "Mlisema kwenye simu. Ijumaa saa sita. Ikipita, chumba cha mwingine." Akatafuta maneno, nikaona anayatafuta kwa shida, kama mtu anayepapasa swichi. "Sikuwa na kitu kingine cha kunifikisha Jumamosi."



Siku zote zile nilijifariji kwa jambo moja tu, kwamba hajui. Niliwaambia majirani hajui. Nilimwambia Outi hajui, afadhali. Kumbe mwenzangu alikuwa amekaa mezani anakata mkate, anasikia anavyohamishwa. Akanisogezea siagi. Asubuhi akaenda kupigana kwa silaha pekee aliyobaki nayo.

Na kile nilichokiona ni kosa la mgonjwa, ndicho kilichokuwa kitu cha mwisho chenye akili timamu kilichofanyika nyumbani kwetu wiki ile.

"Mbona hukusema hutaki?" nikamuuliza.

"Hamkuniuliza."

Nyuma Outi akapiga honi, piii. Kulungu walishaanza kusogea, mmoja mmoja, bila haraka.

Nikamshika mkono. Nikafikiria kona ya kugeuzia ilipo. Naijua, iko pale mbele kwenye kituo cha maziwa. Nilikuwa na uwezo wa kugeuza. Nawaapia ningegeuza.

"Nakuuliza sasa, Tauno. Unataka kwenda?"

Akauangalia mguu wangu kwenye breki. Outi akapiga honi tena.

"Nyonga inakuuma?" akasema.

Nilitaka kudanganya. Mimi huwa nadanganya vizuri sana, muulizeni Arvi.

"Inauma," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, kama fundi aliyeambiwa bei ya spea.

"Basi endesha."

Nikaondoa mguu kwenye breki.

Tulifika saa sita kasoro. Outi hajui mpaka leo, labda anasoma hapa, na kama unasoma mwanangu, usilie kazini. Hukukosea. Ulifunga breki vizuri sana. Zisingekuwa nzuri, tungemgonga yule kulungu na haya nisingeyasikia.

Sasa mnataka funzo. Mimi sina elimu ya kuwafunza watu, ila hili nimelilipia. Mkiwa na mzee nyumbani, au mgonjwa, msimjadili mbele yake kama kabati linalotafutiwa pa kuwekwa. Mnaweza kuwa hamna la kufanya, kama sisi, chumba ni kile kile na siku ni ile ile. Lakini muulizeni. Akijibu upuuzi, hamkupoteza kitu. Akijibu ya kweli, mtakuwa mmelia pamoja, na kulia pamoja ni tofauti kabisa na kumwacha mtu alie peke yake akiwa na spana mkononi.

Dirisha lile halijawaka tena. Nakwenda kumwona kila Jumatano, ananipokea kwa adabu, ananiuliza kama nimetoka mbali.

Wiki iliyopita muuguzi mpya alikuja na birika la kahawa. Msichana mzuri, mwenye haraka. Akaniuliza mimi, "Bibi, babu anakunywa ya maziwa au nyeusi?"

Nikamwambia, "Ana mdomo. Muulize mwenyewe."

Akaona haya, akainama, akamuuliza.

Tauno akafikiri kwa makini, uso umekunjwa, nasi wawili tunamsubiri.

"Nyeusi," akasema.

Maisha yake yote, tangu namjua, amekunywa ya maziwa.

Muuguzi akanitupia jicho, anasubiri nimsahihishe.

"Umesikia," nikamwambia. "Mpe nyeusi."